Freddie Mercury: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mtunzi aliyezaliwa Unguja

Jina la Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya roki ya Queen ya Uingereza, likitajwa mbele ya Waswahili, mazungumzo huenda moja kwa moja Mji Mkongwe: nyumba ipi, mtaa upi, alikuwa wa nani. Ni maswali ya haki na yamejibiwa hapa. Ila tunapenda sana kumdai mtu huyu bila kuijua kazi yake, kwa hiyo sehemu kubwa ya ukurasa huu inahusu nyimbo na jinsi alivyozitunga.

Jina lake halisi ni nani?

Farrokh Bulsara. Farrokh ni neno la Kiajemi lenye maana ya mtu mwenye heri. Bulsara ni ukoo unaotokana na mji wa Bulsar huko Gujarat, India, ambao siku hizi unaitwa Valsad. "Freddie" alibandikwa na wenzake wa bweni shuleni India, na likamkaa hata nyumbani. "Mercury" alijipa mwenyewe mwaka 1970 hivi, bendi ya Queen ilipokuwa inaundwa. Mwenzake Brian May amesimulia kwamba jina hilo lilitoka kwenye wimbo wa Freddie mwenyewe, "My Fairy King", ambao una mstari unaomtaja mama Mercury. Mercury ni ile sayari tunayoiita Utaridi. Freddie Utaridi! Lingependeza kwenye bango la taarab.

Ni kweli alizaliwa Zanzibar?

Kweli kabisa. Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, wakati visiwa vikiwa chini ya himaya ya Uingereza na Sultani Khalifa bin Harub akiwa kwenye kiti. Baba yake, Bomi, alikuwa mshika fedha katika utumishi wa serikali ya kikoloni. Mama yake aliitwa Jer. Mdogo wake wa kike, Kashmira, alizaliwa 1952.

Walikuwa Wahindi wa aina gani?

Waparsi. Asili yao ni Uajemi. Wazee wao walihamia Gujarat karne nyingi zilizopita ili waendelee na dini yao ya Zoroasta baada ya Uislamu kuenea Uajemi. Kwa hiyo hawakuwa Wahindu wala Waislamu, na Unguja walikuwa jamii ndogo sana kando ya Wahindi wengine. Freddie hakuwa mtu wa ibada alipokuwa mkubwa, lakini aliagwa kwa taratibu za dini hiyo.

Aliishi Unguja kwa muda gani?

Ukiacha likizo, kama miaka tisa tu. Utoto wake wa mwanzo ulipita Mji Mkongwe, ambako alisomeshwa na watawa wa Kianglikana. Mwaka 1955, akiwa na miaka minane, alipelekwa shule ya bweni ya St. Peter's, Panchgani, mji wa milimani usio mbali sana na Bombay. Alirudi Unguja 1963, na mwaka uliofuata familia nzima ikaondoka.

Kwa nini waliondoka?

Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na tarehe 12 Januari 1964 yakafanyika Mapinduzi yaliyomwondoa Sultani Jamshid. Damu ilimwagika, na Waarabu na Wahindi wengi walitoka visiwani. Bomi Bulsara alikuwa na pasipoti ya Uingereza, hivyo wakaenda huko na kupanga maisha Feltham, kitongoji cha magharibi mwa London karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Freddie alikuwa na miaka 17.

Basi alikuwa Mzanzibari, Mhindi au Mwingereza?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na anayeuliza huwa ana jibu lake tayari. Amezaliwa Unguja, amekulia India, wazazi wake ni Waparsi, na kazi yake ya muziki ilijengeka Uingereza. Mwenyewe hakupenda kuzungumzia utoto wake. Waandishi wa habari walipomchokonoa aliwapa maneno mawili matatu kisha akageuza mazungumzo. Wapo wanaosema aliona aibu. Mimi naona ni mapema mno kumhukumu kijana aliyefika London mwaka 1964 na jina la Bulsara, katika miaka ambayo ngozi ya kahawia ilikuwa kesi yenyewe, akataka ajulikane kwa anachoimba.

Kumwita mwana wa Unguja si kosa. Kosa ni kudai kwamba muziki wake ulitoka Unguja, maana hilo halionekani kwenye nyimbo.

Muziki alijifunza wapi?

Panchgani. Mkuu wa shule aliona mtoto ana kipaji, akawaandikia wazazi kuwaomba walipe ada ya ziada ili apewe masomo ya piano. Wakalipa. Akiwa na miaka kumi na miwili hivi alianzisha na wenzake bendi ya shule iliyoitwa The Hectics. Yeye alipiga piano, na walirudia nyimbo za rock and roll zilizokuwa zikivuma wakati ule, za akina Little Richard na Cliff Richard. Wanafunzi aliosoma nao wanakumbuka kwamba akiusikia wimbo redioni aliketi kwenye piano akaupiga hapohapo.

Uingereza hakusomea muziki kabisa. Alisomea uchoraji na usanifu wa michoro katika chuo cha sanaa cha Ealing, akahitimu 1969. Nembo ya Queen, yenye simba wawili, kaa, malaika wawili wa hadithini na ndege mkubwa juu yao, ni kazi ya mkono wake. Simba, kaa na hao malaika ni nyota za wanabendi wanne.

Queen ilianzaje?

Chuoni Ealing alisoma na Tim Staffell, aliyekuwa mwimbaji wa bendi ya Smile pamoja na mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor. Freddie alikuwa akiwafuata, akiwasikiliza, na kuwapa ushauri ambao hawakuuomba. Katikati yeye mwenyewe aliimba kwenye bendi nyingine mbili tatu ambazo hazikufika popote, akauza nguo kuukuu na Roger kwenye kibanda soko la Kensington, na akabeba mizigo Heathrow. Staffell alipojitoa mwaka 1970, Freddie aliingia na jina jipya la bendi mkononi. John Deacon, mpiga gitaa la besi, aliungana nao 1971, na hao wanne hawakubadilika hadi kifo cha Freddie.

Albamu ya kwanza ilitoka Julai 1973 na haikutikisa mtu. Wimbo wa kwanza kupenya chati za Uingereza ulikuwa "Seven Seas of Rhye", 1974, wa Freddie. Mwishoni mwa mwaka huohuo "Killer Queen", nao wake, ulifika namba mbili.

Nyimbo za Queen zote ni za Freddie?

Hapana, na kosa hili hufanywa hata na mashabiki wa siku nyingi. Wote wanne walikuwa watunzi, na kila mmoja ana wimbo uliofika namba moja, jambo ambalo bendi nyingi haziwezi kulisema. "We Will Rock You" ni wa Brian May. "Another One Bites the Dust" na "I Want to Break Free" ni za John Deacon, yule mkimya wa nyuma. "Radio Ga Ga" ni wa Roger Taylor. Hata "The Show Must Go On", ambao watu huusikia kama wosia wa Freddie, kwa sehemu kubwa uliandikwa na Brian.

Lakini ukichukua mkusanyiko wa *Greatest Hits* wa mwaka 1981, ule uliotoka Uingereza, kumi kati ya nyimbo kumi na saba ni za Freddie peke yake: "Bohemian Rhapsody", "Killer Queen", "Somebody to Love", "We Are the Champions", "Don't Stop Me Now", "Bicycle Race" na nyingine. Mkusanyiko huo ndio albamu iliyouzwa kuliko zote katika historia ya Uingereza. Mwaka 2022 ilitangazwa kuwa imevuka nakala milioni saba nchini humo.

Mambo ya nani kaandika nini yaliwagombanisha kweli, kwa sababu fedha za mirabaha huenda kwa mtunzi. Santuri ya "Bohemian Rhapsody" ilipouzwa, upande wa pili ulikuwa na wimbo wa Roger, "I'm in Love with My Car". Kila aliyenunua santuri alinunua pande zote mbili, kwa hiyo Roger aliingiza mirabaha ya santuri ile sawasawa na Freddie. Unaweza kufikiria maneno yaliyosemwa ofisini. Kuanzia albamu ya *The Miracle*, 1989, walikubaliana kuandika kila wimbo kwa jina la Queen na kugawana sawa. Wenyewe wamekiri kwamba dawa hiyo ilichelewa.

Alikuwa anatungaje?

Kwa kawaida sauti ilitangulia, maneno yakafuata. "Killer Queen", kwa maelezo yake mwenyewe, ulikwenda kinyume: maneno kwanza.

Chombo chake kilikuwa piano, na hilo linasikika ukijua pa kusikiliza. Mpiga gitaa akitunga, huangukia funguo, yaani ngazi za sauti, ambazo vidole vyake vinazipata kirahisi kwenye nyuzi. Freddie alitunga pale ambapo mikono yake ilitua kwenye piano, katika funguo ambazo Brian May amesema zilimtoa jasho kwenye gitaa. Ndiyo maana muziki wake haufanani na wa bendi nyingine za roki za wakati wake, hata pale gitaa linapopiga kelele. "Don't Stop Me Now" karibu wote ni piano, besi, ngoma na sauti. Gitaa la Brian linangoja hadi kipande chake, linapiga, linanyamaza.

Kuna wimbo mmoja alioutunga kwa gitaa, chombo ambacho alikijua kidogo tu: "Crazy Little Thing Called Love", 1979. Alikuwa hotelini Munich, ndani ya beseni la kuogea. Ukamjia, akatoka na kuumalizia kwa dakika chache kwa hizo kodi chache za gitaa (sauti zinazopigwa kwa pamoja) alizozijua. Baadaye alisema kutojua gitaa ndiko kulikomsaidia, kwa sababu hakuwa na uwezo wa kuupamba kupita kiasi. Waliurekodi haraka, hata Brian hajafika studio. Ulikuwa wimbo wao wa kwanza kushika namba moja Marekani.

Lakini asikudanganye mtu kwamba nyimbo zilikuwa zinamjia tu bila jasho. Septemba 2023 vitu vyake vilipigwa mnada London, na miongoni mwake zilikuwamo karatasi kumi na tano za rasimu za "Bohemian Rhapsody" kwa mwandiko wake. Mistari imekatwa na maneno yamebadilishwa mara kadhaa. Katika karatasi moja jina la wimbo lilikuwa "Mongolian Rhapsody", likafutwa. Piano yake ya Yamaha, aliyoinunua 1975 na kuitungia nyimbo nyingi, iliuzwa katika mnada huohuo kwa zaidi ya pauni milioni 1.7. Mimi ningechukua zile karatasi.

"Bohemian Rhapsody" ulitengenezwaje?

Mtayarishaji wa *A Night at the Opera*, albamu yenye wimbo huu, Roy Thomas Baker, amesimulia kwamba Freddie alimpigia mwanzo wa wimbo kwenye piano nyumbani kwake, akafika mahali akasimama, akamwambia kuwa hapo ndipo opera inapoingia. Kisha wakaenda kula.

Walianza kuurekodi mwaka 1975 katika studio ya Rockfield, Wales. Kile kipande cha opera kinachosikika kama kwaya kubwa ni watu watatu tu: Freddie, Brian na Roger, wakiimba kwa muda wa saa kumi hadi kumi na mbili kila siku na kurundika sauti juu ya sauti. Kwenye opera Roger ndiye mwenye zile sauti za juu kabisa, si Freddie. Mashine zilikuwa na njia ishirini na nne tu za kurekodia, kwa hiyo sauti zilizokwisha kurekodiwa zilihamishiwa kwenye njia moja ili kupata nafasi ya nyingine, tena na tena, mpaka utepe ukalika na kuanza kupitisha mwanga.

Sasa angalia umbo lake. Wimbo una dakika 5 na sekunde 55 na hauna kiitikio. Mwanzo ni sauti tupu bila ala, ukafuata wimbo wa polepole wa kijana anayemwambia mama yake kwamba ameua mtu, kisha gitaa, opera, roki ya nguvu, na mwishoni unarudi chini taratibu. Kila mtunzi hufundishwa kwamba kiitikio ndicho kinachomrudisha msikilizaji. Freddie alikitupa, na watu wakarudi vilevile.

Watu wa kampuni ya santuri walisema redio hazitaupiga kwa urefu ule. Mtangazaji Kenny Everett alipewa nakala kwa sharti asiipige, akaipiga mara kumi na nne mwishoni mwa juma moja. Santuri ilitoka rasmi tarehe 31 Oktoba 1975, ikakaa namba moja Uingereza kwa wiki tisa. Baada ya kifo chake ilirudi namba moja tena kwa wiki tano.

Una maana gani, na "Bismillah" imefikaje mle?

Freddie hakuwahi kuueleza. Wenzake waliulizwa kwa miaka mingi wakakataa kumsemea. Wapo wanaousoma kama maungamo ya maisha yake ya siri, na wapo wanaoona ni mchezo wa maneno uliotungwa kwa ajili ya mlio wake. "Bismillah" inasimama jirani na Galileo, Figaro na Beelzebub, majina yaliyochaguliwa kwa jinsi yanavyogonga mdomoni, na nadhani hapo ndipo penye jibu la karibu zaidi.

Msikilizaji wa Unguja hushtuka zaidi akikutana na "Mustapha", wimbo wa Freddie unaofungua albamu ya *Jazz*, 1978. Anaita Mustapha, anaita Ibrahim, anataja jina la Mwenyezi Mungu, na kati yake kuna maneno yanayofanana na Kiarabu bila kuwa Kiarabu. Kishawishi cha kusema kwamba ni mwangwi wa adhana za utotoni ni kikubwa. Anayetaka kuamini hivyo aamini, mradi asiandike kuwa ni ushahidi.

Meno yake yalikuwa na nini?

Alizaliwa na meno manne ya ziada nyuma ya kinywa, yakayasukuma ya mbele. Alikuwa na uwezo wa kuyarekebisha lakini aliogopa sauti isije ikabadilika. Watafiti wa sauti waliomchambua katika makala ya mwaka 2016 waligundua kwamba sauti yake ya kuongea ilikuwa nzito kiasi, na kwamba mtetemo wa sauti yake ya kuimba ulikwenda kasi kuliko kawaida ya waimbaji. Kuhusu meno yenyewe, hakuna uthibitisho kwamba yalisaidia chochote.

Kwa nini alishika nusu ya stendi ya maiki?

Ilivunjika jukwaani siku za mwanzo. Akaona nusu inamfaa zaidi.

Live Aid ina nini cha ajabu?

Tarehe 13 Julai 1985 yalifanyika matamasha mawili kwa siku moja, Wembley mjini London na Philadelphia nchini Marekani, kuchangia waathirika wa njaa Ethiopia. Waandaaji walikuwa Bob Geldof na Midge Ure. Kila bendi ilipewa dakika ishirini hivi. Wengine walikuja na wimbo mpya au hotuba. Queen walifanya mazoezi ya dakika zile kwa siku kadhaa, wakapanga vipande vya nyimbo sita ambazo kila mtu anazijua, wakaingia na kutoka.

Watu kama 72,000 walikuwa Wembley, na hawakuja kwa ajili ya Queen. Kwenye "Radio Ga Ga" uwanja mzima unapiga makofi juu ya vichwa kwa mpigo mmoja. Kisha Freddie anasimama peke yake na kutoa sauti bila maneno, umati unaitikia. Anaipindisha, unaitikia, anaivuta mpaka pumzi zinaisha, unaitikia. Aliyekulia kwenye ngoma za kwetu, ambako mmoja anatoa na wengine wanapokea, hahitaji kuelezwa kinachotokea pale. "We Are the Champions", wimbo wa kumalizia, aliuandika 1977 kwa nia hiyohiyo: watu wauimbe wao. Mpaka leo timu ikichukua kombe popote duniani, wimbo ni huo.

Ni kweli Queen walipiga Afrika Kusini wakati wa ubaguzi?

Kweli. Oktoba 1984 walifanya maonesho Sun City, kwenye kilichoitwa Bophuthatswana, eneo ambalo serikali ya ubaguzi iliwatengea Waafrika, wakati wasanii wengi duniani walikuwa wamesusia. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini na majina yao yakaingia kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya waliovunja ususiaji. Utetezi wao ulikuwa kwamba wanampigia yeyote anayetaka kusikiliza, na walichangia shule ya watoto viziwi na vipofu kule. Hautoshi. Mtu aliyezaliwa Afrika, mwenye ngozi ambayo sheria za pale zingempangia mtaa wa kuishi, alipaswa kuona mbali zaidi. Maonesho kadhaa yalifutwa kwa sababu sauti ilimkatika.

Aliwahi kutoa nyimbo peke yake?

Ndiyo. *Mr. Bad Guy* ilitoka 1985 na haikwenda mbali. Kilichobaki ni *Barcelona*, albamu ya 1988 aliyoimba na Montserrat Caballé, mwimbaji wa opera kutoka Hispania ambaye Freddie alikuwa shabiki wake kwa muda mrefu. Wimbo wenye jina hilo ulitumika wakati wa Olimpiki ya 1992 mjini Barcelona, yeye akiwa ameshafariki. Usikilize kwa makini uone mtu wa roki anavyojibana nyuma kidogo ili mwenzake apite.

Alioa?

Hakuoa. Aliishi miaka kadhaa na Mary Austin, na "Love of My Life" unahusishwa naye. Mwaka 1976 uhusiano huo ulikwisha baada ya Freddie kumweleza ukweli juu ya nafsi yake, lakini hawakuachana kama watu. Nyumba yake ya Kensington, Garden Lodge, alimwachia Mary kwa wosia. Miaka yake ya mwisho aliishi na mwanamume aliyeitwa Jim Hutton, ambaye ndiye aliyemuuguza.

Alifariki kwa nini?

Aligundulika kuwa na UKIMWI mwaka 1987. Aliwaambia walio karibu tu, akaendelea kufanya kazi. Tarehe 23 Novemba 1991 alitoa taarifa kwa umma. Jioni ya siku iliyofuata alifariki nyumbani kwake, kwa homa ya mapafu iliyotokana na ugonjwa huo, akiwa na miaka 45. Dawa zilizokuja kuwaokoa wagonjwa wengi zilianza kupatikana miaka michache tu baadaye. Mwili ulichomwa baada ya ibada ya makasisi wa Zoroasta, na majivu alikabidhiwa Mary Austin, ambaye hajawahi kusema aliyahifadhi wapi. Aprili 1992 tamasha la kumkumbuka lilifanyika Wembley, na fedha zake zikaanzisha mfuko wa Mercury Phoenix Trust unaosaidia mapambano dhidi ya UKIMWI.

Ile filamu ya 2018, *Bohemian Rhapsody*, ni ya kweli?

Nusu. Rami Malek, aliyemwigiza Freddie, alistahili Oscar yake, na nyimbo ni zenyewe. Ila bendi haikuwa imevunjika kabla ya Live Aid, maana Mei 1985 walikuwa ziarani Japani. Na Freddie hakuwaambia wenzake habari za ugonjwa kabla ya tamasha hilo, kwa kuwa aligundulika miaka miwili baadaye. Filamu ilitaka kilele, ikakihamisha.

Nikifika Unguja nione nini?

Makumbusho ya Freddie Mercury, Shangani, barabara ya Kenyatta, yaliyofunguliwa Novemba 2019. Ni madogo, yana picha za familia na za jukwaani. Mwongozaji wa watalii akikuonesha nyumba nyingine na kuapa kuwa ndiyo aliyozaliwa, msikilize kwa adabu, maana nyumba zinazodaiwa ni zaidi ya moja. Wazanzibari si wote wanaomfurahia: mwaka 2006 sherehe iliyopangwa kwa kutimia miaka 60 tangu azaliwe ilifutwa baada ya kikundi cha Kiislamu kupinga, kwa sababu ya maisha yake binafsi.

Nianze kusikiliza wapi?

Kama hujui chochote, anza na "Somebody to Love" wa 1976. Ndani yake kuna upendo wake kwa Aretha Franklin, na zile sauti za kwaya ya kanisa ni watu watatu walewale. Fuata na "Killer Queen", uone anavyobana maneno mengi katika dakika tatu bila wimbo kulemewa. Kisha *A Night at the Opera* yote, kwa mpangilio wake, usiruke hata nyimbo unazozichoka.

Weka "Mother Love" mwisho. Umo katika *Made in Heaven*, albamu iliyotoka 1995, na ni sauti yake ya mwisho kurekodiwa, Mei 1991, Montreux, Uswisi. Alikuwa hawezi kusimama kwa muda mrefu. Alikuwa akimwomba Brian maneno, anaimba kipande, anaomba mengine. Walipofika karibu na mwisho akasema amechoka, atarudi kumalizia. Beti la mwisho utasikia sauti imebadilika: anayeimba ni Brian May.